Ushahidi Usiosemwa: Filamu Bubu ya Blackmail (1929) na Suala la Msemaji kwa Hadhira ya Kanda ya Ziwa

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa tamthilia katika vyuo vyetu umezoea kuitazama tamthilia kama maneno yaliyoandikwa. Mhakiki hufungua kitabu, akahesabu wahusika, akachambua mazungumzo yao, akafikia dhamira. Uzoefu huu una hasara yake. Mojawapo ni kwamba hatujajiuliza vya kutosha tamthilia hubaki na nini inaponyang'anywa maneno. Filamu bubu zilizotokana na tamthilia zinatupa nafasi adimu ya kulichunguza swali hilo, kwa kuwa mwongozaji wake alilazimika kuchukua matini iliyojengwa kwa mazungumzo na kuisimulia kwa nyuso, mikono, vitu na vibao vichache vya maandishi.

Katika makala hii tutaeleza mfano mmoja, yaani filamu ya uhalifu iitwayo Blackmail, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock mwaka 1929 kutokana na tamthilia ya Charles Bennett iliyochezwa jijini London mwaka 1928. Tunaandika kwa kumfikiria mtafiti wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria, na hatufanyi hivyo kwa mapambo. Kiini cha filamu hii ni msichana aliyetenda jambo zito na asiyepata mahali pa kulisema. Nani husema kwa niaba ya asiye na sauti, na husema kwa faida ya nani? Swali hilo limeulizwa pia Ukerewe, Kwimba na katika vibanda vya video vya mitaani kwetu, na tutaona kwamba majibu yake hayakufanana.

1.1 Tatizo la jina

Jina lenyewe la filamu linamsumbua mfasiri. Baadhi ya watu hutumia neno 'usaliti', lakini msaliti ni yule anayemtoa mwenziwe kwa adui, ilhali mhusika tunayemzungumzia hapa anafanya biashara ya kutomtoa. 'Hongo' na 'rushwa' nazo hazitoshi. Kiswahili kina msemo wa 'kumziba mtu mdomo', na msemo huu unakaribia zaidi. Hata hivyo katika matumizi yetu ya kawaida mwenye siri ndiye anayeanza, yaani ndiye anayekwenda na fedha kuuziba mdomo wa shahidi. Katika kosa linalotajwa na jina la filamu, shahidi ndiye anayekuja na mdomo wake wazi na kuutajia bei. Tungelazimishwa kulifasiri jina hili tungesema Bei ya Kimya, ingawa tunakiri kwamba tafsiri hiyo inahamisha uzito kutoka kwenye kitisho na kuupeleka kwenye kimya. Kwa madhumuni ya makala hii hasara hiyo inatufaa.

2.0 Kisa

Alice White ni binti wa mwenye duka la sigara na magazeti. Mchumba wake, Frank Webber, ni kachero wa Scotland Yard. Jioni moja wawili hawa wanagombana mkahawani, na Alice anaondoka na msanii mchoraji aitwaye Crewe, ambaye anamkaribisha kwenda kuona chumba chake cha kazi. Huko juu mchezo na mzaha vinageuka kuwa shambulio. Crewe anataka kumbaka. Alice anajitetea kwa kisu cha mkate na Crewe anakufa. Anapokimbia anaacha glavu zake. Frank, aliyetumwa kupeleleza kifo hicho, anaiona mojawapo, anaitambua, na anaificha mfukoni. Ya pili imeokotwa na Tracy, mtu mwenye maisha ya kubahatisha aliyekuwa akizurura nje ya nyumba usiku ule. Asubuhi Tracy anaingia dukani, anachagua sigara ghali, anajikaribisha kwenye kifungua kinywa cha familia, na kudai fedha.

Kisha mambo yanageuka. Polisi wanagundua kwamba Tracy ana rekodi ya makosa na kwamba alionekana karibu na nyumba ya marehemu. Frank anaona mwanya na kumgeuza mwenye kudai awe mshukiwa. Tracy anatoroka, anafukuzwa hadi ndani ya makumbusho ya British Museum, anapanda paa, anaanguka kupitia kuba la kioo na kufa. Faili linafungwa. Alice, ambaye hakuyajua hayo, amekwenda Scotland Yard kuungama. Anapoanza kusema mbele ya ofisa mkuu, simu inalia, na ofisa anamkabidhi kwa Frank amsikilize. Frank anamtoa nje.

Msomaji aliyezoea riwaya za upelelezi za Kiswahili atagundua mara moja kwamba hapa utaratibu umepinduliwa. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), anakusanya vidokezo ili mwishoni kila kitu kiwekwe wazi mbele ya watu. Katika Blackmail mpelelezi ndiye anayeuficha ushahidi. Hadhira inamjua mtendaji tangu mwanzo, na inachongoja ni kuona iwapo ukweli utaruhusiwa kutamkwa.

3.0 Kutoka jukwaani: kazi ya pazia

Tamthilia ya Bennett ilikuwa na mipaka ya kawaida ya jukwaa: vyumba, milango, watu wanaoingia na kutoka, na maneno. Hitchcock aliongeza mambo ambayo jukwaa lisingeyabeba, kwa mfano mfukuzano wa makumbushoni. (Ni vigumu kwa mtazamaji wa Kiafrika kutotabasamu kwa uchungu anapomwona mtoro huyu akijificha miongoni mwa sanamu za Misri. Kamba anayoshukia inapita mbele ya uso mkubwa wa jiwe usiojali kitu.) Lakini hatudhani kwamba mfukuzano huo ndio ushindi wa filamu juu ya tamthilia. Ushindi uko mahali ambapo mwongozaji alichukua chombo cha jukwaa kabisa, yaani pazia, na kukitumia kwa namna mpya.

Shambulio la Crewe halionekani. Anamvuta Alice nyuma ya pazia la kitanda, na kinachobaki mbele ya kamera ni kitambaa kinachotikisika. Mkono wa Alice unatokeza, unapapasa, unakiona kisu karibu na mkate, unakichukua na kurudi ndani. Pazia linatikisika tena, kisha linatulia. Halafu mkono wa mwanamume unaanguka nje, umelegea.

Jukwaani pazia hufungwa ili tukio liishe. Hapa linafungwa ili tukio litendeke. Matokeo yake ni ya kisheria kama yalivyo ya kisanaa. Sisi watazamaji tulikuwepo, lakini hatuwezi kuapa kwamba tuliona. Hatujui ni kwa kiasi gani alitishiwa, wala kisu kiliingia wakati gani. Anayejua yote hayo ni mmoja tu aliye hai, na filamu nzima inayobaki ni historia ya kushindwa kwake kuyasema. Mwongozaji ametunyang'anya ushahidi kwa makusudi ili tumhitaji Alice.

Baada ya kifo, vitu vinachukua kazi ya maneno. Mchoro wa mwigizaji wa kuchekesha, ananyoosha kidole na kucheka, ulimfurahisha Alice alipoingia; sasa kidole kilekile kinamshitaki. Kabla ya shambulio alikuwa amechora kichwa cha mtu kwenye kitambaa cha mchoraji, na jina lake likaandikwa chini yake. Sasa anachukua rangi nyeusi na kulifuta. Tukiangalia kwa makini, hilo ndilo tamko lake la kwanza kuhusu kosa: anaondoa jina lake mwenyewe. Akiwa njiani kurudi nyumbani usiku, taa za tangazo la kinywaji zinageuka machoni pake kuwa kisu kinachochoma, na mkono wa maskini aliyelala barabarani unakuwa mkono wa maiti. Mshairi angeviita vitu hivi taswira, na angekuwa sahihi, lakini katika filamu bubu taswira zinabeba kazi zaidi ya urembo. Ndizo zinazotoa ushahidi mahali pa shahidi.

4.0 Filamu mbili na sauti moja ya kuazima

Mwaka 1929 ulikuwa mwaka wa mpito. Sinema yenye sauti ilikuwa imefika kutoka Marekani, lakini majumba mengi ya Uingereza hayakuwa na mitambo yake. Kampuni ya British International Pictures iliyotengeneza Blackmail katika studio za Elstree ilikuwa imeianza kama filamu bubu; baadaye sehemu kubwa ikarudiwa kwa sauti. Kwa hiyo kuna Blackmail mbili, ya sauti iliyotoka Juni 1929 na ile bubu iliyofuata kwa ajili ya majumba yasiyo na mitambo. Hata baadhi ya waigizaji walitofautiana: ofisa mkuu katika filamu bubu ni Sam Livesey, na katika ile ya sauti ni Harvey Braban.

Kilichotokea kwa mwigizaji mkuu ndicho kinachotuvutia zaidi. Alice aliigizwa na Anny Ondra, mwigizaji aliyepata umaarufu katika sinema za Kicheki. Katika filamu bubu lafudhi yake haikuwa na madhara yoyote. Sauti ilipoingia, binti wa muuza sigara wa London hakuweza kuzungumza kwa lafudhi ya Ulaya ya Kati. Kwa kuwa teknolojia ya kuingiza sauti baadaye haikuwa imekomaa, mwigizaji wa Kiingereza Joan Barry alisimama nje ya upeo wa kamera na kuyasema maneno wakati Ondra akichezesha midomo.

Tuzingatie maana ya jambo hili. Kisa kinahusu mwanamke anayenyimwa nafasi ya kusema. Filamu inapopata uwezo wa kumpa sauti, inampa sauti ya mtu mwingine. Hatudai kwamba Hitchcock alikusudia kejeli hiyo. Ilikuwa dharura ya kazi. Lakini mhakiki hafungwi na nia ya msanii. Tuonavyo, ile Blackmail bubu ndiyo inayomheshimu Alice zaidi. Humo kimya chake ni chake mwenyewe.

Wako wanaopendelea ile yenye sauti, nao wana hoja. Katika tukio la kifungua kinywa jirani mmoja anazungumza bila kukoma juu ya mauaji, na maneno yake yanafifia masikioni mwa Alice mpaka linabaki neno moja tu, 'kisu', likirudiwa. Hakuna kibao cha maandishi kinachoweza kufanya hivyo. Lakini tuone pia kwamba ubunifu wa tukio hilo unatokana na kuyaharibu maneno: sauti inafanikiwa pale inapokaribia kuwa bubu.

Nakala ya filamu bubu imehifadhiwa na British Film Institute, ambayo mwaka 2012 iliirejesha katika ubora wake na kuionyesha ikiwa na muziki mpya wa Neil Brand. Mwanafunzi anayetaka kulinganisha hizo mbili anaweza kufanya hivyo leo kwa urahisi kuliko ilivyokuwa kwa vizazi viwili vya wahakiki waliotangulia.

5.0 Filamu bubu baada ya kuzikwa

Vitabu vingi vya historia ya sinema hufunga ukurasa wa filamu bubu hapo. Huo ni ukweli wa London, si wa Tanganyika. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulifanya kazi Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa msaada wa fedha za Carnegie Corporation ya New York. Ulitengeneza filamu fupi 35. Picha zilipigwa bila sauti, na maelezo ya Kiswahili na ya lugha nyingine za Kiafrika yalirekodiwa kwenye sahani za santuri zilizopigwa wakati wa maonyesho. Mojawapo ya filamu hizo, iliyohusu benki ya akiba ya posta, ilikuwa na kisa cha uhalifu: mtu anazifukia fedha zake na mwizi anazichukua, ilhali mwenziwe aliyeweka zake posta anasalimika.

Waigizaji walikuwa Waafrika. Waliokuwa na usemi juu ya maana ya kisa walikuwa wengine, kwa kuwa santuri ilisema yaliyoandikwa na waandaaji. Baadaye, kitengo cha filamu cha serikali ya kikoloni kilichoanzishwa mwaka 1939, yaani Colonial Film Unit, kilituma magari ya sinema yenye filamu nyingi zisizo na sauti, na mfasiri akisimama na kipaza sauti kuwaeleza wanakijiji wanachokiona. William Sellers, aliyekiongoza kitengo hicho, aliamini kwamba hadhira ya Kiafrika ilihitaji picha za polepole na sahili. Imani hiyo haina msingi, na imekwisha kukosolewa vya kutosha; hatuna haja ya kuirudia. Lililo muhimu ni kwamba kwa sababu yake filamu bubu iliendelea kuishi Afrika zaidi ya muongo mmoja baada ya Ulaya kuiacha, na ilikuwa na kiungo ambacho Blackmail haikuwa nacho, yaani mtu wa tatu mwenye kipaza sauti, asiyekuwa ndani ya picha wala miongoni mwa watazamaji.

Wajapani walikuwa na mtu kama huyo, aitwaye benshi, na alipendwa kiasi kwamba filamu bubu ziliendelea nchini mwao hadi katikati ya miaka ya 1930. Tofauti ni kwamba benshi alikuwa msanii anayejitegemea mbele ya hadhira yake. Mfasiri wa gari la sinema alikuwa mtumishi, na alitakiwa kulifuata karatasi.

6.0 Ukerewe na Malya

Sasa turudi ziwani. Miaka 42 baada ya Blackmail, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Rosa Mistika (1971). Huyu pia ni msichana aliyeharibiwa na mchanganyiko wa ukali wa nyumbani na ulaghai wa wanaume, na ambaye hukumu inamfuata kila mahali bila yeye kuulizwa. Linganisho halipaswi kuvutwa mno: Rosa si Alice, na kisiwa si jiji. Lakini angalia namna kila mtunzi alivyolitatua tatizo la ushahidi. Alice anafika mlangoni mwa sheria na simu inalia. Kezilahabi, baada ya Rosa kujiua, anaifungua mahakama nyingine kabisa. Rosa na baba yake, Zakaria, wanasimama mbele ya Mungu na suala la nani mkosaji linasikilizwa. Baadhi ya wahakiki wameiona sura hiyo kama kiambatisho kisicho cha lazima. Sisi tunaiona kuwa ya lazima. Mwandishi alijua kwamba hapa duniani Rosa asingepewa kizimba cha kusemea, kwa hiyo alilazimika kukijenga nje ya dunia.

Jibu la tatu lilijaribiwa upande wa bara. Mwaka 1982 na 1983 Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo katika kijiji cha Malya, wilayani Kwimba, mkoani Mwanza. Wanakijiji walichunguza matatizo yao wenyewe, miongoni mwake mimba za wasichana, wakayatungia maonyesho kwa kutumia ngoma na sanaa nyingine za hapo, na baada ya maonyesho wakayajadili. Mlama ameieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1991. Katika utaratibu wa namna hii pazia halipo. Onyesho haliishi mpaka watazamaji wamesema, na swali la nani mwenye hatia linatupwa kwao bila kificho.

Je, hilo linatosha? Tuna shaka kidogo. Mkutano wowote wa kijiji una wazungumzaji wake wa kawaida, na mara nyingi msichana mwenye mimba si mmojawao. Anaweza akaigizwa na mwingine, akajadiliwa na wazee, akatetewa na wageni kutoka chuoni, na bado akarudi nyumbani hajatamka neno. Ubora wa Malya ni kwamba kimya cha namna hiyo kinaonekana: wote wamekaa kwenye uwanja mmoja, na asiyesema anajulikana kuwa hajasema. Katika ofisi ya Scotland Yard hakuna aliyegundua.

Wasukuma wenyewe wana kipimo chao cha sauti inayostahili kusikilizwa. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma hucheza kwa wakati mmoja, na umati huhama kutoka upande huu kwenda upande ule kadiri unavyovutwa. Mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi. Mtafiti wa sinema asipuuze kanuni hii, kwa maana inatupeleka moja kwa moja kibandani.

7.0 Mtafsiri wa kibandani

Tangu video ilipoenea, vibanda umiza vya miji yetu vimezaa msanii ambaye uhakiki wa fasihi umechelewa kumpokea, yaani mtafsiri wa filamu. Aliyejulikana zaidi nchini ni Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye kanda zake zenye sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni ziliuzwa kwa jina lake na zimechunguzwa na Matthias Krings. Uganda na Kenya wako wenzake, tena wengi. Mtafsiri huyu hafuati karatasi ya mtu. Anapunguza, anaongeza, anawapa wahusika majina, anawaonya, anawacheka. Kwa hiyo amekirithi kipaza sauti cha gari la serikali bila kuurithi utumishi wake. Akichosha, watu wanahamia kibanda cha pili kama umati unavyohama kutoka kwa Bagika kwenda kwa Bagalu.

Kwa kawaida anatafsiri filamu zenye sauti, na anaifunika sauti ya asili. Kwa maana hiyo anazifanya bubu kwanza ndipo azisemeshe, na mwili wa mwigizaji unabaki ukitembea chini ya sauti ya mwingine kama Ondra chini ya sauti ya Barry. Tofauti ni kwamba Barry alifichwa, na mtafsiri wetu anajitangaza.

Tunapendekeza kwamba kazi za watafsiri hawa zinukuliwe na kuhifadhiwa kama tunavyohifadhi tendi na ngano, kabla kanda zilizobaki hazijaoza kwa joto na vumbi. Mahali pa kuanzia pawe matukio ya ungamo na ya mahakamani, ambako mtafsiri hulazimika kuamua iwapo atamwachia mhusika maneno yake.

Hitchcock alimweleza Truffaut kwamba mwisho aliotaka ulikuwa mwingine. Filamu inaanza kwa kukamatwa kwa mhalifu mmoja, hatua kwa hatua, hadi makachero wanapokwenda kunawa mikono. Alitaka imalizike kwa hatua zilezile, ila safari hii aliyekamatwa awe Alice, na mwenzake Frank, asiyejua lolote, amwulize kama jioni ile atatoka na mchumba wake. Watayarishaji walikataa. Katika filamu tuliyonayo, Alice na Frank wanasimama ukumbini na askari wa mlangoni, anayedhani amekuja kwa jambo dogo, anamtania. Wakati huohuo mtu anapita na ule mchoro wa mchekaji, akiupeleka ndani kuhifadhiwa pamoja na vielelezo, na nyuma yake uko ule mwingine wenye jina lililofutwa. Alice anauangalia mpaka unapopotea ukumbini. Hapo filamu bubu haina kibao cha maandishi cha kumsemea.

Mtafsiri wa Kirumba au wa Igoma, akiwa na kipaza sauti mkononi na watu hamsini mbele yake wanaongoja, angesema nini?